Pikipiki ndogo za milimani Bukavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuzitengeneza na kuziboresha kwa fedha kidogo

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye DT 125, XL 125, XTZ 125 au AG 100 iliyopita mikononi mwa wengine, anayepanda nayo Walungu, Kaziba, Bunyakiri au Mwenga, na ambaye hakuna shirika linalomlipia piyesi. Muuguzi wa chanjo, mwalimu, katekista, mnunuzi wa kahawa: hao ndio huniuliza maswali haya, mara nyingi pikipiki ikiwa imeshafunguliwa na boliti ziko ndani ya bakuli. Nimetumia maneno ya mafundi wa hapa: piyesi ni spea, bujii ni plagi, ruluma ni beringi, amotisere ni shokapu, pinyo ni sproketi ndogo ya mbele na kurone ni ile kubwa ya nyuma.

Pikipiki yangu imechoka kila mahali na nina dola mia moja tu. Nianze wapi?

Wiki ya kwanza usinunue piyesi yoyote. Ioshe mpaka uone chuma, kisha pima. Sehemu ndogo ya hizo dola nunua vitu vitatu: kipimo cha nafasi (vile vibati vyembamba vilivyoandikwa 0.05, 0.10, 0.15), kalipa ya kupimia unene, na multimita. Za bei ya chini zinatosha. Fedha nyingi ninazoona zikipotea Bukavu hupotea kwa kubahatisha: mtu anabadilisha bujii, kisha karbureta, kisha CDI (kisanduku kinachosimamia cheche), kumbe waya ulikuwa umeoza chini ya tangi. Multimita ingemwambia kwa dakika tano.

Ukishapima, fuata mpangilio huu: breki, ruluma za magurudumu na za usukani, tairi. Halafu kila kinachozuia vumbi na matope visiingie ndani. Halafu mnyororo. Injini ije mwisho, isipokuwa kama inagonga au haiwaki kabisa. Injini iliyochoka itakufikisha nyumbani polepole. Ruluma ya mbele ikivunjika kwenye kona juu ya bonde haitakufikisha popote.

Nimeona DT iliyotoka kwenye shirika inauzwa. Nitajuaje kama ni nzima?

Nenda asubuhi kabla muuzaji hajaiwasha. Weka kiganja kwenye injini: ikiwa na joto, ameiwasha mapema kuficha tatizo la kuwaka ikiwa baridi. Mwambie kwa upole kwamba utarudi kesho.

Ikiwa baridi kweli, piga kiki polepole kwa mkono wa kulia. Lazima uhisi ukinzani mzito unaokusukuma kidogo, kisha unaachia. Kiki laini kama ya baiskeli maana yake ringi au silinda imekwisha. Kisha iweke juu ya stendi au kreti, shika gurudumu la nyuma na ulivute kushoto na kulia. Likicheza, jua kama ni ruluma ya gurudumu au bushi za mkono wa nyuma, kwa sababu bushi ni kazi kubwa zaidi. Shika fimbo za mbele kwa chini, vuta na sukuma: mlio wa "tok" ni ruluma za usukani.

Kilomita zinazoonyeshwa kwenye saa usizitegemee sana, kwa maana kebo ile hukatika na pikipiki huendelea kutembea. Angalia raba ya kiki, raba za kukanyagia na meno ya kurone. Hivyo havidanganyi.

Mwisho, linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile za kwenye karte roze (kadi ya usajili), moja baada ya nyingine. Pikipiki nzuri yenye namba zisizolingana ni deni litakalokufuata kwenye kila barieri.

Nichukue ya mipigo miwili au ya mipigo minne?

Ya mipigo miwili (DT, AG) ni nyepesi, ina piyesi chache ndani, na fundi mwenye akili anaweza kuifungua juu na kuifunga kwa asubuhi moja. Lakini inakunywa mafuta ya moteri pamoja na petroli, na haisamehi kosa la mafuta hata mara moja. Ya mipigo minne (XL, XTZ) inatumia petroli kidogo na inavumilia mmiliki msahaulifu, ila ikiharibika juu, kwenye valvu na kemu, gharama inapanda.

Mimi ningemwambia mtu anayetembea peke yake kilomita nyingi za Kamituga achukue ya mipigo minne. Anayezunguka vilima vya karibu, anayependa kujitengenezea mwenyewe, DT itampendeza.

Kwa nini pikipiki iliyokuwa na nguvu Uvira inatoa moshi na kuchoka hapa Bukavu?

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake linaokoa injini.

Karbureta haipimi hewa kwa uzito. Inachanganya petroli kulingana na kitundu cha shaba kiitwacho jikleri, na kitundu hicho hakibadiliki. Hewa ndiyo inayobadilika. Uvira, kando ya Tanganyika, uko kama mita 770 juu ya bahari. Bukavu ni karibu mita 1,500. Ukipanda kwenda Bunyakiri kupitia msitu wa Kahuzi-Biega unavuka mita 2,000. Msukumo wa hewa Uvira ni kama asilimia 91 ya ule wa pwani, Bukavu kama 83, na kwenye mita 2,000 umeshuka hadi 78 hivi. Petroli ni ile ile, hewa ni pungufu: mchanganyiko unakuwa mzito, bujii inakuwa nyeusi na laini kama masizi ya sufuria, na pikipiki inakohoa unapofungua gesi yote. Juu ya hilo, injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hiyo hakuna fundi atakayekurudishia. Wengi wanafungua injini nzima kutafuta nguvu ambayo imebaki chini Ruzizi.

Kinachoweza kurekebishwa ni mchanganyiko. Kwanza safisha filta ya hewa, maana filta chafu inaleta dalili zile zile. Kisha toa bujii baada ya kupanda kilima kwa gesi yote na kuzima injini hapo hapo. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi kavu: punguza jikleri kuu kwa namba moja, jaribu tena. Kwenye karbureta nyingi za pikipiki hizi namba kubwa maana yake ni tundu kubwa. Ikiwa tatizo liko gesi ikiwa nusu tu, shughulika na sindano: ukipandisha kipini chake kwenye mfereji wa juu, sindano inashuka na petroli inapungua.

Usiruhusu mtu atanue wala azibe jikleri kwa waya au sindano ya kushonea. Kitundu hicho kimetobolewa kwa vipimo vya sehemu ndogo sana za milimita. Kikishakwaruzwa, namba iliyoandikwa haina maana tena.

Nilikuwa nashuka miteremko ya Ngomo kuelekea Uvira kwa DT, gesi imefungwa, injini ikakamata ghafla. Mafuta yalikuwepo. Ilikuwaje?

Pole, na ushukuru Mungu kama hukuanguka. Mimi iliwahi kunipata kwenye miteremko hiyo hiyo, gurudumu la nyuma likafunga kwenye changarawe, na tangu siku ile nalieleza jambo hili kwa kila mwenye injini ya mipigo miwili.

Katika injini hiyo, mafuta ya kulainisha husafiri pamoja na petroli. Ukifunga gesi kwenye mteremko mrefu na kuacha gia ishike pikipiki, injini inazunguka kwa kasi lakini haipati petroli, kwa hiyo haipati mafuta. Hata yenye pampu ya mafuta iko hivyo, kwa sababu pampu ile imefungwa kwenye kebo ya gesi: gesi ikifungwa, pampu inatoa kidogo kabisa. Ongeza hapo kwamba unashuka kutoka hewa nyepesi kwenda hewa nzito. Jikleri uliyoipunguza kwa ajili ya Bukavu, kule Kamanyola ni ndogo mno. Mchanganyiko unakuwa mkavu na pistoni inapata joto. Mambo mawili yanakutana kwenye barabara moja.

Dawa hazina gharama. Kwenye mteremko mrefu, kila baada ya sekunde chache vuta klachi na ufungue gesi kidogo ili injini inywe. Tumia breki zote mbili, usiiachie gia kazi yote. Kama unakwenda kukaa Uvira siku kadhaa, beba jikleri ya awali mfukoni na uirudishe ukifika Kamanyola. Kwa bisibisi na subira ni kazi ya nusu saa. Na ukihisi injini inaanza kuwa nzito bila sababu, vuta klachi mara moja, kabla hujafikiria lolote lingine. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikae juu ya klachi muda wote wa kushuka.

Imekamata tayari? Acha ipoe kabisa. Mara nyingi kiki itazunguka tena. Lakini usidanganyike kwamba imepona: fungua silinda uone kama aluminiamu ya pistoni imejipaka ukutani.

Pampu ya mafuta niitoe nichanganye mwenyewe kwenye tangi?

Kama pampu ni nzima, iache. Fundi anayetaka kuitoa haraka mara nyingi hajui kuitoa hewa: kuna skrubu ndogo pembeni, unailegeza mpaka mafuta yatoke bila povu, basi. Baada ya kazi yoyote kwenye pampu, tangi la kwanza weka petroli iliyochanganywa, ili kama pampu haijaamka usiue injini.

Ukichanganya, pima kwa chupa yenye alama. Kwa uwiano wa 1 kwa 40, lita 5 za petroli zinataka mililita 125 za mafuta. Kwa 1 kwa 25, mililita 200. Mafuta mazuri ya mipigo miwili yenye alama ya JASO FC au FD yanafaa 1 kwa 40 kwenye matumizi ya kawaida. Ya kupimwa kwa kikombe kutoka pipa lisilo na jina sijui kuyatetea.

Injini ya mipigo miwili inapaza sauti yenyewe bila gesi, haishuki. Ni karbureta?

Kabla ya kuigusa karbureta, shuku hewa inayoingia kwa wizi. Angalia raba kati ya karbureta na silinda, ikunje uone nyufa. Kisha sili za krankshafti: ya upande wa sumaku ikikatika injini inavuta hewa na kukauka; ya upande wa klachi ikikatika inavuta mafuta ya gia, unaona moshi mweupe mzito na mafuta ya gia yanapungua bila kuvuja chini. Sili ni raba ya bei ndogo. Pistoni inayoyeyuka kwa sababu ya sili hiyo si ya bei ndogo.

Fundi anasema nichonge silinda. Nitajuaje kama ni lazima?

Toa ringi kwenye pistoni, iingize peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya wake kwa kipimo cha nafasi. Kwa injini ndogo hizi, ringi mpya huwa na mwanya wa kama milimita 0.15 hadi 0.35. Ukiweka ringi mpya na mwanya bado ni mkubwa mno, tatizo ni silinda, na kubadilisha ringi tu ni kutupa fedha.

Pistoni za ukubwa wa ziada huuzwa kwa hatua za 0.25: kuna 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Nunua pistoni kwanza, umpelekee fundi mchongaji pamoja na silinda, achonge kwa kuifuata pistoni hiyo. Anayechonga kabla ya kuiona pistoni anakisia. Na mwambie alainishe kingo za matundu ya silinda ya mipigo miwili, la sivyo ringi itanasa humo na kuvunjika.

Kisha kilomita 500 za kwanza uende nayo kama mgonjwa aliyetoka hospitali: gesi nusu, hakuna abiria, hakuna gunia la mihogo.

Filta ya sponji niioshe na nini?

Maji ya vuguvugu na sabuni. Wengi huosha kwa petroli. Petroli inalegeza gundi ya viungo na sponji inaanza kumeguka ndani ya karbureta. Ikamue bila kuisokota, ikauke kivulini, kisha ipake mafuta ya filta, au mafuta mazito ya moteri kama huna, ukamue tena mpaka iwe na unyevu bila kudondosha. Sponji kavu haizuii vumbi. Mwezi wa sita hadi wa nane, vumbi la barabara ya Kavumu likiwa hewani, ifanye kila wiki. Paka grisi kwenye ukingo ambapo sponji inakaa. Ukikuta vumbi ndani ya bomba baada ya filta, injini yako inasagwa sasa hivi. Hakuna kazi nyingine kwenye ukurasa huu inayolipa kama hii kwa fedha inayotaka.

XL yangu inawaka kwa shida ikiwa ya moto. Ni karbureta tena?

Pima valvu. Zikikosa nafasi, zinabaki wazi kidogo injini ikipata joto na kompresheni inakimbia. Watu hufikiri valvu isiyopiga kelele ndiyo nzuri. Valvu kimya kabisa ndiyo ya kuogopa. Injini iwe baridi, pistoni juu kwenye mpigo wa kubana, kisha pima. Kwa injini nyingi za 125 namba huangukia kati ya 0.05 na 0.15, ya kutolea moshi ikiwa na nafasi kubwa kuliko ya kuingizia; tafuta namba kamili ya modeli yako, wala usikubali "nimesikia kwa sikio".

Naweza kuweka mafuta ya gari?

Kwenye mipigo minne klachi huogelea ndani ya mafuta hayo hayo. Mafuta mengi ya gari ya kisasa yana dawa ya kupunguza msuguano na klachi inaanza kuteleza. Tafuta alama ya JASO MA. Badilisha kila kilomita 1,500 hadi 2,000 ukitembea kwenye vumbi na matope; injini hizi hubeba kama lita moja tu, haina mahali pa kuficha uchafu.

Mnyororo umelegea. Nikate pingili moja?

Hapana. Mnyororo haulegei kwa kurefuka kwa chuma. Pini zake zimelika, na ukikata pingili zilizobaki zinaendelea kula meno. Upime: nyingi kati ya pikipiki hizi zinatumia mnyororo wa 428, wenye milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Uvute uwe umenyooka, pima nafasi 20: mpya ni milimita 254. Ukifika 259, umekwisha. Badilisha mnyororo, pinyo na kurone kwa pamoja, hata kama inauma mfukoni. Mnyororo mpya kwenye kurone ya meno yaliyopinda kama ndoano hautafika mbali.

Na usiukaze kama kamba ya gitaa. Kaa juu ya pikipiki, mtu apime katikati: bado lazima ucheze sentimita mbili unusu au tatu.

Nataka nguvu zaidi ya kupanda. Ni piyesi gani?

Pinyo. Ndiyo uboreshaji wa bei ndogo kuliko wote. Chukua mfano wa pinyo ya meno 15 na kurone ya 45: gurudumu linazunguka mara moja kila injini inapozungusha pinyo mara 3. Weka pinyo ya 14, inakuwa mara 3.2. Umepata kama asilimia 7 ya nguvu ya kuvuta, kwa gharama ya kasi ya juu ambayo kwenye njia ya Kaziba huitumii kamwe. Kuongeza meno 3 nyuma kunafanya karibu kazi ile ile kwa bei kubwa zaidi. Ila usishuke chini ya meno 12 au 13 mbele. Mnyororo unakunjwa mno na kulika haraka.

Ruluma za asili za Yamaha au Honda sizipati. Nifanyeje?

Habari njema: ruluma haina kabila. Isome ubavuni. 6202 ni milimita 15 kwa 35 kwa 11; 6301 ni 12 kwa 37 kwa 12; 6302 ni 15 kwa 42 kwa 13, na iko hivyo kwenye pikipiki, kwenye pampu ya maji au kwenye moteri ya kinu cha unga. Nenda na namba kwa muuza ruluma Kadutu, uombe yenye raba pande zote mbili, 2RS. Unapoigonga kuiingiza, gonga duara la nje tu, kwa kutumia ruluma ya zamani kama kibao. Ukigonga la ndani umeiharibu kabla haijatembea.

Breki za ngoma hazishiki nikibeba mtu. Ni za kubadilisha?

Angalia mkono mdogo pale kebo au fimbo inapoingia kwenye ngoma. Ukikanyaga breki, pembe kati ya mkono huo na fimbo isizidi nyuzi 90. Ikizidi, garnitiri (bitana za breki) zimelika na kukaza nati hakusaidii tena, kunakudanganya. Safisha ngoma kwa kitambaa chenye maji; usipulize vumbi lile usoni, garnitiri nyingine bado zina asbesto. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu. Na kebo ya mbele iliyochakaa ndani ndiyo huiba nusu ya nguvu ya mkono: ibadilishe kwanza.

Mbele inazama sana kwenye mashimo.

Mwaga mafuta ya zamani ya fimbo za mbele, utashangaa yalivyokuwa matope. Weka ya 10W kwa kiwango sawa kulia na kushoto. Bado inazama? Kata vipande viwili vya bomba gumu la PVC, milimita 10 hadi 20, vinavyolingana, uvikalishe juu ya springi chini ya kifuniko. Springi zinaanza zikiwa zimebanwa kidogo. Kama fimbo ina vidonda vya kutu mahali sili inapopita, lainisha kwa msasa wa maji namba 1000 kabla ya kuweka sili mpya, kisha ivalishe soksi za raba.

Amotisere ya nyuma inayovuja ni habari nyingine. Nyingi ya hizi hazikuundwa kufunguliwa, na zile zenye gesi zina shinikizo la kutosha kumjeruhi fundi. Nunua nyingine, hata ya mtumba.

Tairi gani, na upepo kiasi gani?

Mbele nyingi ni za inchi 21, nyuma 18. Soma ubavuni kabla ya kununua tyubu. Udongo mwekundu wa Walungu wakati wa mvua unataka vibonge vilivyoachana, ili matope yatoke. Kwenye matope bila mzigo unaweza kushuka hadi bar 1.2. Lakini ukiwa na abiria, au ukivuka kwenda Goma kwenye mawe ya volkano, usiteremke hivyo: jiwe linabana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa matundu mawili kama meno ya nyoka. Huko weka 1.8 au zaidi.

Gonga spoku zote kwa spana ndogo kila mwezi. Zinazolia sauti moja ziko sawa. Inayolia kama bati imelegea.

Taa ni hafifu, nimebadilisha globu mara tatu.

Multimita kwenye betri: imezimwa, karibu volti 12.6. Inawaka kwa gesi kiasi, kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15, regileta (kidhibiti cha chaji) inaua globu na betri. Ikibaki 12, safisha viunganishi na waya wa masi (wa ardhi) kwenye chasisi kabla ya kununua chochote. Pikipiki za zamani zina mfumo wa volti 6. Soma globu uliyoitoa.

Chasisi yangu ni nzima, injini imekufa. Naweza kuweka injini ya CG kama za Kichina?

Inawezekana, na kwa mtu asiyepata tena piyesi za injini yake naona ni uamuzi wa busara. Injini ya aina ya CG 125 ilibuniwa na Honda miaka ya 1970 kwa watu wasioifanyia matunzo mengi, na piyesi zake ziko kila soko. Kazi ngumu ni mbili: vishikio vichomelewe na mtu anayejua, na pinyo ikae mstari mmoja kamili na kurone. Milimita 3 tu za upotovu na mnyororo utaruka kwenye mteremko. Namba ya injini itabadilika, kwa hiyo shughulikia karatasi kabla ya kusafiri.

Uboreshaji gani nisitoe fedha?

Silinda kubwa, ekzosi iliyokatwa, filta ndogo ya koni iliyo wazi. Vyote vinabadilisha mchanganyiko, na hiyo ya mwisho inakaribisha vumbi mezani. Kwa fedha hiyo mchomeleaji atakutengenezea bati la milimita 3 la kukinga tumbo la injini na kukupanulia vya kukanyagia. Kinga za mikono zikate kwenye bidoni la lita 20. Mvua ya Mwenga ikikupiga vidole utaelewa.

Nanunua petroli kwa kadhafi, muuzaji wa bidoni, barabarani. Ina maji?

Iache kwenye chupa nyeupe dakika chache: maji hukaa chini, unaona mstari. Mimina ukiacha kimo cha vidole viwili. Weka filta ndogo ya plastiki kwenye bomba, na mara moja kwa mwezi fungua skrubu ya chini ya karbureta umwage.

Nimeanguka mtoni, injini imezima majini.

Usipige kiki. Toa bujii kwanza, geuza pikipiki maji yatoke, kisha piga kiki bujii ikiwa nje. Kamua filta. Kwenye mipigo minne angalia mafuta: yakiwa kama maziwa, usitembee nayo, yabadilishe, na uyabadilishe tena baada ya muda mfupi.

Safarini nibebe nini?

Bujii mpya na funguo yake, tyubu ya inchi 21 (inaingia nyuma kwa dharura, ya nyuma haiingii mbele vizuri), viraka, vyuma viwili vya kutolea tairi, pampu ya mkono, kiungo cha mnyororo, kebo ya klachi uliyoilaza tayari kando ya ile inayotumika, mita moja ya waya wa chuma, vipande vya tyubu ya zamani vya kufungia, na jikleri yako nyingine, ndani ya kichupa cha dawa kilichofungwa vizuri.